Nzi wa Muller wangali na funzo kwetu

Mjadala kuhusu mimea na wanyama waliopandikizwa jeni umekuwa nasi humu nchini kwa miaka mingi, na sehemu yake kubwa imekuwa ya makelele kuliko ya maarifa. Serikali ilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vya aina hiyo mnamo Novemba 2012, ikaiondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, na suala hili limefikishwa mbele ya majaji zaidi ya mara moja. Katika vyumba vya walimu na katika mabweni ya wanafunzi, aghalabu husikika hoja za namna mbili tu. Kuna wanaoshikilia kuwa jeni hizo ni sumu, na kuna wanaoshikilia kuwa ndizo mwisho wa njaa. Swali ambalo wanasayansi wenyewe huanza nalo ni nadra kulisikia. Jeni ikishatiwa mahali ambapo haikuzaliwa, je, itatulia? Itabaki pale ilipowekwa kizazi baada ya kizazi, na itaendelea kufanya kazi ileile iliyotarajiwa?

Swali hilo lina historia, na historia hiyo haiwezi kusimuliwa bila kumtaja Hermann Joseph Muller, Mmarekani aliyefariki mwaka 1967. Yeye hakumwona kamwe nzi aliyepandikizwa jeni, kwani nzi wa kwanza wa namna hiyo alitangazwa ulimwenguni miaka 15 baada ya kifo chake. Hata hivyo, mtafiti yeyote anayechunguza leo iwapo jeni iliyoingizwa katika nzi imetulia hutumia mbinu ambazo Muller alizianzisha. Mimi ni mwanaisimu, wala simo katika jopo la wanabiolojia. Lakini yule ambaye kazi yake ni kuchunguza jinsi maneno ya kigeni yanavyoingia katika lugha na kutulia humo hawezi kuyapita maisha ya mtu huyu bila kusimama.

Kabla ya kusonga mbele, inafaa niondoe utata mmoja wa kimsamiati. Kiswahili chetu hutumia jina nzi wa matunda kwa wadudu wa jamaa mbili tofauti. Wako wale wanaotoboa maembe na kutaga mayai ndani, ambao humtia hasara mkulima. Tena wako wale wadogo, wenye urefu wa milimita 3 hivi, wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi jikoni. Hao wadogo ndio wanaoitwa drosofila, na ndio ninaowazungumzia. Kwa mtafiti, mdudu huyu ana sifa njema nyingi. Katika joto la nyuzi 25 hukamilisha kizazi kimoja kwa siku 10 hivi, jike mmoja hutaga mayai mamia, na seli zake zina jozi nne tu za kromosomu. Mwanafunzi anaweza kuona vizazi zaidi ya 20 kwa mwaka mmoja, jambo ambalo kwa binadamu lingehitaji karne tano au zaidi.

Muller alizaliwa jijini New York tarehe 21 Desemba 1890, katika familia isiyokuwa na mali. Baba yake alifariki mwaka 1900, kijana akiwa bado hajatimiza miaka kumi. Alikuwa na bidii shuleni, na akiwa na umri wa miaka 16 akaingia Chuo Kikuu cha Columbia kwa msaada wa masomo. Huko ndiko Thomas Hunt Morgan alikokuwa akifuga nzi katika chupa za maziwa, akiwalisha ndizi. Mwaka 1910 Morgan alikuwa amempata dume mmoja mwenye macho meupe miongoni mwa nzi wenye macho mekundu, na kutokana na huyo mmoja ikazuka elimu nzima ya jinsi jeni zinavyopangana katika kromosomu. Muller alijiunga na chumba hicho cha nzi mwaka 1912. Miaka mitatu baadaye, Morgan, Sturtevant, Bridges na Muller walitoa pamoja kitabu kilichoweka misingi ya jenetiki ya kisasa. Uhusiano wa Muller na mwalimu wake haukuwa mtamu. Aliamini kuwa fikra zake nyingi zilizungumzwa chumbani humo zikachukuliwa bila jina lake kutajwa, na uchungu huo alikaa nao maisha yake yote.

Wenzake walishughulika zaidi na ramani ya jeni. Muller alishughulika na kutulia kwake. Alitaka kujua ni mara ngapi jeni hubadilika, kwa nini hubadilika, na ni nini kinachoifanya idumu bila kubadilika kwa vizazi visivyohesabika. Ugumu wake ulikuwa dhahiri. Mabadiliko hayo hutokea kwa nadra sana, na mengi yake huua kiumbe kabla hakijaonekana. Mtu atahesabuje vitu ambavyo havizaliwi?

Mwaka 1918 alieleza jambo ambalo lingali linatumika katika kila maabara ya nzi ulimwenguni. Kulikuwa na nzi wenye mabawa yaliyomegeka kingo, ambao kwa muda mrefu walikataa kuzaa wana wanaofanana nao wote. Kisha ghafla ukoo huo ukatulia, kila mwana akawa na mabawa ya namna hiyo. Muller akagundua sababu. Jeni ya mabawa hayo huua ikirithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Katika ukoo uliotulia, kromosomu ya pili ya jozi ilikuwa imepata jeni nyingine ya mauti, na palikuwa pia na kizuizi kilichozikataza kromosomu hizo mbili kubadilishana vipande. Mwana aliyerithi mbili za aina moja alikufa, na mwana aliyerithi moja ya kila aina ndiye pekee aliyeishi. Kwa hivyo ukoo ulijilinda wenyewe, bila mtu kuchagua nani azae na nani asizae.

Kutokana na ugunduzi huo alibuni mtego wa kuhesabia mauti. Alimtengeneza jike ambaye moja ya kromosomu zake mbili za X ilibeba mambo matatu: kizuizi cha kubadilishana vipande, jeni ya mauti, na alama inayoyafanya macho kuwa membamba kama mstari. Jike huyo alizalishwa na dume anayechunguzwa. Mabinti wenye macho membamba walichukuliwa, kila mmoja akawekwa katika chupa yake apate kuzaa. Nusu ya wana wa kiume wa binti huyo lazima wafe, kwa kuwa wamerithi ile jeni ya mauti iliyowekwa kwa makusudi. Nusu nyingine wamerithi kromosomu ya babu yao. Ikiwa kromosomu hiyo nayo imepata badiliko jipya la kuua, hakuna dume hata mmoja atakayeonekana chupani. Mtafiti anachotakiwa kufanya ni kuitazama chupa tu. Isipokuwa na dume, amepata jibu.

Kwa mtego huo, akiwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Muller aliwapitisha nzi katika miale ya eksirei mnamo 1926. Chupa zisizo na madume zikawa nyingi kupita alivyowahi kuona. Mabadiliko ya jeni yaliongezeka takriban mara 150. Alitangaza matokeo hayo mwaka 1927, na kwa mara ya kwanza binadamu akajua kuwa jeni, kitu kilichodhaniwa kuwa hakifikiki, kinaweza kubadilishwa kwa kusudi.

Mwaka 1930 akaeleza jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa zito kuliko hilo. Miale ya eksirei ilikuwa imezivunja kromosomu za nzi fulani na vipande vikaungana upya kwa mpangilio mwingine. Katika baadhi ya nzi hao, jeni ya macho mekundu ilijikuta mahali papya, na macho yakawa na madoadoa, seli nyingine nyekundu na nyingine nyeupe. Mtu angedhani kuwa jeni yenyewe imeharibika. La hasha. Katika miaka ya 1930 watafiti walionyesha kuwa jeni iliyohamishwa namna hii ikirudishwa katika ujirani wake wa kawaida, hufanya kazi sawasawa. Ilikuwa nzima siku zote. Kilichoizima ni jirani zake.

Hapa ndipo mwanaisimu anapotabasamu. Tazama neno kitabu. Katika Kiarabu, ile silabi ya kwanza ni sehemu ya mzizi wa neno, na wingi wake huundwa kwa kubadilisha irabu za ndani. Neno hilo lilipoingia katika Kiswahili halikubadilika sauti zake kwa kiasi kikubwa, lakini lilikaa jirani na maneno kama kiti na kisu. Ujirani huo ukaifanya ki- ionekane kiambishi cha ngeli, na leo tunasema vitabu bila kusitasita. Mwalimu naye aliingia kwa njia hiyohiyo, akajiunga na mtu na mtoto, tukapata walimu. Neno halikutiwa kitu kipya, ila mahali lilipotua ndipo palipoamua tabia yake. Mlinganisho huu una mipaka yake, kwa kuwa lugha si nzi. Lakini mwanafunzi aliyeelewa kwa nini tunasema vitabu hatashindwa kuelewa kwa nini jeni moja inaweza kung'aa hapa na kunyamaza pale.

Maisha ya Muller mwenyewe yalikuwa ya kuhamahama. Mwanzoni mwa 1932, akiwa amelemewa na kazi, na magomvi ya kitaaluma, na ndoa iliyokuwa ikivunjika, alijaribu kujiua kwa dawa za usingizi. Alinusurika. Mwaka huohuo akaenda Berlin, Ujerumani, na haukupita muda mrefu Wanazi wakatwaa mamlaka. Muller aliamini ujamaa, na alipoalikwa na mtaalamu mashuhuri wa mimea Nikolai Vavilov, alielekea Muungano wa Kisovieti mnamo 1933, akafanya kazi Leningrad na kisha Moscow. Alidhani amefika nchi itakayoitukuza sayansi.

Alichokikuta ni Trofim Lysenko, mtu aliyedai kuwa mazingira yanaweza kuibadilisha mimea apendavyo mkulima na badiliko hilo likarithiwa, na kwamba jeni ni uzushi wa mabepari. Dai hilo liliwapendeza watawala, kwa maana liliahidi mavuno ya haraka. Mnamo Desemba 1936, katika mkutano mkubwa wa wanasayansi wa kilimo mjini Moscow, Muller alisimama hadharani akampinga. Wanasayansi wawili wa Kisovieti waliokuwa wamefanya kazi naye Texas, Israel Agol na Solomon Levit, walikamatwa na kuuawa. Vavilov alimshauri aondoke wakati njia ingalipo. Muller aliondoka 1937 akipitia Hispania, ambako alijitolea katika kikosi cha kuwapa damu majeruhi wa vita. Vavilov mwenyewe alikamatwa 1940, akafa gerezani Saratov mwaka 1943. Mwaka 1948, Lysenko alipopewa mamlaka kamili juu ya biolojia ya nchi hiyo, Muller alijiuzulu uanachama wake katika Akademia ya Sayansi ya huko.

Haingekuwa haki kumsifu tu. Muller alikuwa na imani kwamba binadamu anaweza kuboreshwa kwa kutumia mbegu za wanaume wachache waliotukuka kwa akili na moyo, na mwaka 1936 alimwandikia Stalin barua akimpendekezea mpango huo. Ni kweli kwamba alikuwa ameishutumu hadharani, mwaka 1932, ile harakati ya kuboresha vizazi ambayo ilijaa dharau kwa maskini na kwa watu wa rangi nyingine. Ni kweli pia kwamba mwaka 1939 aliandika, pamoja na wenzake, tamko lililosema kuwa thamani ya urithi wa watu haiwezi kulinganishwa pale ambapo hali zao za maisha hazilingani. Hata hivyo wazo la benki ya mbegu hakuliacha hadi uzeeni. Mtu aliyewaonyesha walimwengu kuwa jeni moja ya rangi ya jicho huitegemea jirani yake alitaka kuzipimia hekima na utu kwa mizani ya urithi. Nani angechagua waliotukuka? Na kwa kipimo cha nani? Hapo alikuwa ameuacha ushahidi wa chupa zake nyuma kabisa.

Kutoka Hispania alikwenda Edinburgh, Uskochi, na mwaka 1940 akarejea Marekani. Mwaka 1945 akapata kazi ya kudumu katika Chuo Kikuu cha Indiana, na 1946 akatunukiwa Tuzo la Nobel. Tuzo hilo lilikuja mwaka mmoja baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, naye akalitumia jina lake jipya kuonya kuhusu madhara ya mnururisho, kuanzia majaribio ya silaha hadi madaktari waliopiga picha za eksirei bila uangalifu. Onyo hilo halikupendwa na wakubwa. Mwaka 1955 Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani ilizuia mada yake isiwasilishwe katika mkutano wa kimataifa mjini Geneva. Moscow ilikuwa imemkataa kwa kutetea jeni, na sasa Washington ilimziba mdomo kwa kuzitetea zisidhuriwe. Alifariki Indianapolis tarehe 5 Aprili 1967.

Kwa nzi, kazi yake ilikuwa inaanza. Mwaka 1982 Gerald Rubin na Allan Spradling walitangaza kuwa wameingiza jeni ya rangi ya macho katika mayai machanga ya nzi waliokuwa hawana jeni hiyo, na wana wakazaliwa na macho mekundu. Chombo walichotumia kuibebea ni kipande cha urithi chenye tabia ya kuhamahama ndani ya kromosomu. Kipande hicho huruka kwa nguvu ya kimeng'enya ambacho chenyewe hukitengeneza. Wataalamu hao waliiondoa sehemu inayotengeneza kimeng'enya, wakakitoa pembeni kwa muda mfupi tu. Kipande kikaingia, kimeng'enya kikatoweka, na jeni ikabaki imekwama ilipotua. Nzi waliotumiwa walikuwa wa koo za zamani za maabara, ambazo zilichukuliwa kutoka porini kabla vipande hivyo havijaenea miongoni mwa nzi wa porini katika karne ya ishirini. Nzi hao hawakuwa na kimeng'enya chao wenyewe cha kuirusha tena.

Zingatia basi kwamba kutulia kwa jeni hiyo kuna masharti. Nzi huyo akizalishwa na mwingine mwenye kimeng'enya, jeni inaweza kung'oka na kuhama. Kwa sababu hiyo, mwanzoni mwa karne hii watafiti walibuni njia ya kukata ncha moja ya kipande kinachoibeba baada ya kuingia, ili kimeng'enya kisiwe na pa kushika. Tena jeni hutua popote, na rangi ya macho huwa hafifu kwa nzi mmoja, kali kwa mwingine, na ya madoadoa kwa wa tatu, sawasawa na alivyoeleza Muller mwaka 1930. Na watafiti wanapotaka kuhifadhi ukoo wa nzi hao kwa miaka mingi, huifunga jeni hiyo kwa kromosomu ya pili yenye kizuizi, jeni ya mauti na alama inayoonekana kwa macho, kama vile mabawa yaliyopinda. Huo ni mtego uleule wa Muller, umeboreshwa tu.

Faida ya kazi yake imefika hadi pwani yetu. Kwa kuwa mnururisho huziharibu jeni za mbegu za kiume, wataalamu walijifunza kuwafuga wadudu waharibifu, kuwamulika madume kwa miale na kuwaachilia wakajamiiane bila kuzaa. Kisiwani Unguja, madume ya mbung'o yaliyofugwa Tanga yaliachiliwa kwa mamilioni kuanzia 1994, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Wafugaji wa huko huenda hawajawahi kulisikia jina la Muller, lakini ng'ombe wao walinufaika na chupa za Austin.

Nikirudi kwa walimu na wanafunzi wetu, nina mapendekezo matatu. Kwanza, tunapojadili mazao ya jeni zilizopandikizwa, tuulize jeni imetua wapi, imefuatiliwa kwa vizazi vingapi, na ni nini kinachoizuia isihame au isinyamaze. Atakayejibu kwa takwimu zilizopimwa tumsikilize, awe anaunga mkono au anapinga. Anayejibu kwa kaulimbiu hajajibu. Pili, jibu la zao moja lisichukuliwe kuwa jibu la mazao yote, maana hata jeni moja ndani ya nzi wawili ndugu haina tabia moja. Tatu, tusimruhusu mwanasiasa yeyote, wala mfanyabiashara yeyote, atuamulie ukweli wa jambo ambalo chupa inaweza kuliamua. Vavilov na wenzake walilipa kwa maisha yao pale watawala walipojitwalia kazi hiyo.

Mwalimu wa biolojia asiye na maabara ya kifahari asikate tamaa. Chupa safi, kipande cha ndizi mbivu na kitambaa cha kufunikia mdomo wa chupa vinatosha kuanza. Nzi watakuja wenyewe, na baada ya juma mbili hivi darasa litakuwa na kizazi kipya cha kuhesabu, madume upande huu na majike upande ule. Wanafunzi na waanze kwa kuhesabu, kama alivyofanya kijana wa New York, na kesho watakapoulizwa maoni yao kuhusu mahindi au pamba ya jeni iliyopandikizwa, wataomba kwanza waonyeshwe hesabu.